Zambarau Chini ya Ukuta

Kazi ya mpimaji ilikuwa kusubiri maji yatulie. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kando ya bomba jembamba lililochomoza ardhini, akateremsha mpira wa kuvutia maji mpaka kina alichokitaka, kisha akawasha pampu yake ndogo ikaanza kukoroma polepole kama paka aliyeshiba. Maji yalipanda kidogo kidogo. Hayakutakiwa kuvutwa kwa pupa, maana yakivurugwa husema uongo. Huja na matope na hewa visivyokuwa vyao. Aliyaacha yaje yenyewe. Kwenye kioo cha kipimo tarakimu zilihangaika, joto likipanda na kushuka, uchachu ukiyumba, mpaka zote zikachoka na kusimama. Hapo ndipo alipokinga chupa zake.

"Mimi navunjika mgongo barabarani," mume wake, dereva wa lori, alipenda kumtania kwa simu, "mwenzangu ameajiriwa kukodolea mpira macho."

Naye hakukasirika, maana ilikuwa kweli. Katika kule kusubiri alizoea kuwa nusu macho, nusu usingizini. Kiwanda alimofanyia kazi kilikuwa kimekufa zamani. Zamani zake kilitengeneza makufuli. Sasa paa lilikuwa limetoboka, jua likiingia kwa miale myembamba iliyosimama sakafuni kama kamba za kuanikia, na njiwa walipita ndani ya miale hiyo wakiwaka na kuzimika. Mara nyingine ilimjia kwamba ardhi yote ile ni mtu mkubwa aliyelala chali, na yeye ameketi kifuani pake akimsikiliza anavyopumua.

Na huyo mtu alikuwa mgonjwa. Makufuli yalioshwa kwa dawa ya kuondolea grisi kabla ya kupakwa rangi, na dawa ikishachafuka ilimwagwa kwenye shimo nyuma ya karakana, mwaka hata mwaka. Dawa ile ni nzito kuliko maji. Ilizama, ikajibanza kwenye udongo, na tangu hapo ikawa inayatia sumu maji ya chini bila rangi na bila haraka. Sasa kampuni ya usafishaji ilikuwa imekuja na mtambo wake. Mafundi walitoboa ardhi wakaisukumia pamanganeti, ile dawa ya zambarau wanayoijua watu kwa kuoshea vidonda. Wenyewe waliita kuichoma ardhi sindano. Zambarau ikikutana na sumu huila, na ikishaila hupoteza rangi, ikabaki ukungu wa kahawia kama chai iliyolala. Mpimaji alizunguka bomba hadi bomba akiangalia mambo mawili: sumu inapungua wapi, na zambarau imefika wapi. Haikupaswa kuvuka ukuta wa kiwanda.

Ng'ambo ya ukuta ndiko kulikokuwa na nyumba aliyoolewa.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, vyumba vitatu na ua wa sakafu, na katikati ya ua kisima. Marehemu baba mkwe alikuwa mchimba visima, na hicho alikuwa amemchimbia mkewe peke yake miaka ile walipooana, kabla hata kiwanda hakijajengwa. Maji yake, kwa maneno ya mama mkwe, yalikuwa matamu hadi mtu akijisahau anaweza kuyatafuna. Kisha maofisa wa afya wakaja, wakapima, wakatikisa vichwa, wakafunika kisima kwa bati nene na kulitia kufuli. Kufuli lenyewe lilikuwa la kiwanda kilekile. Mama mkwe aliwacheka siku hiyo hadi wakaona aibu.

Lakini hakukiacha kisima chake. Kila alasiri aliweka kigoda juu ya lile bati, akaketi na ungo wa mboga mapajani, akichambua na kusikiliza. Alidai anayasikia maji yakigeuka chini, kama mtu anayegeuka kitandani. Mpimaji akirudi kutoka kazini, kabla hata ya kuvua buti, swali lilikuwa lilelile.

"Maji yangu yameamkaje leo?"

"Yanaendelea, mama. Homa inashuka."

"Haya. Wakati wake utafika."

Wakati gani, hakusema, na mpimaji hakuuliza. Alijua. Bibi huyu alikuwa anangoja kikombe kimoja tu cha maji yake.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, mama mkwe alinyoosha mkono kuchukua chumvi, na mpimaji akaona vidole vyake. Vilikuwa vya kahawia, kuanzia kucha hadi kwenye viungo vya kati, rangi iliyong'ang'ania kwenye mikunjo ya ngozi. Mpimaji alikuwa amewahi kuwa na rangi hiyo mwenyewe, siku glavu yake ilipochanika.

"Mama, vidole vimefanya nini?"

"Nimemenya ndizi mbichi."

"Ndizi ziko wapi?"

Mama mkwe akatafuna kwanza. "Siku hizi hata ndizi zinaulizwa maswali."

Mpimaji aliweka kijiko chini, akatoka uani. Kufuli lilikuwa mahali pake, lakini vumbi la juu ya bati lilikuwa limefutika. Nyuma yake alisikia kandambili zikiburutwa, kisha kishindo kidogo cha chuma. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kitita cha funguo.

"Makufuli ya kile kiwanda," akasema, bila kuonyesha kujuta hata kidogo, "ufunguo mmoja ulifungua nusu ya mtaa. Njoo basi, kwa kuwa umeshanikamata. Njoo uone."

Wakalisogeza bati pamoja. Jua la adhuhuri lilikuwa limesimama wima na likashuka moja kwa moja hadi majini. Mpimaji alitazama, na kwa muda akasahau yeye ni nani na kazi yake ni ipi. Kule chini kulikuwa na jicho kubwa la zambarau, limetulia, linang'aa kwa ndani kama ua lililofumbuka gizani. Wingu lilipita, jicho likafifia. Wingu likaondoka, likafumbuka tena.

"Lilianza juzi," mama mkwe alinong'ona. "Nikajua ni yeye. Mwenzangu alipenda kunishtua kwa vitu vizuri."

"Umeyanywa, mama?"

"Nina wazimu? Nimeteka kidogo nikayagusa tu. Nilitaka kujua kama yana joto."

"Mama, hii ni dawa yetu. Imepita chini ya ukuta."

Bibi aliyatazama maji mara moja tena. Kisha akarudisha bati taratibu, akafunga kufuli, akaufunika mkono wa mkwewe kwa vidole vyake vya kahawia.

"Hujaona kitu, mwanangu. Hizo dawa zenu zitapita zenyewe. Ukisema, watakuja na vyuma vyao. Hujaona."

Alasiri ile mpimaji alirudi kiwandani na kuketi juu ya ndoo yake, lakini hata pampu ilipoanza kukoroma, usingizi wa mchana haukumjia. Aliona jicho lile kila mahali: kwenye vioo vilivyovunjika, kwenye dimbwi la mafuta, kwenye tundu la bomba. Zambarau kufika pale ikiwa bado na rangi yake kulimaanisha imepita mbio. Haikukutana na sumu ya kutosha kuila njiani. Kulikuwa na mkondo wa mchanga humo chini, njia ambayo hawakuijua, na kile kilichoweza kupitisha dawa kiliweza kupitisha sumu pia. Alimpigia mume wake simu.

"Mama yangu unamjua," alisema dereva. Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma. "Ukikizika kile kisima, umemzika na yeye."

"Nikinyamaza je?"

"Ndiyo maana sikuambii unyamaze. Sikuambii kitu. Ningekuwa hapo ningejificha chini ya lori."

Mpimaji akacheka bila kupenda, akakata simu, akaenda kwa mhandisi.

Mhandisi alikuwa mwanamume wa makamo aliyepewa jina la Taratibu, kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Siku hiyo lilimtoka hata kabla hajaanza. "Taratibu, taratibu," alisema, akisimama. "Zambarau? Uani kwenu?" Palepale akatoka nje akapunga mikono, mtambo ukanyamaza. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja, kisha wakarudi, na kiwanda kikawa kimya kama chumba ambacho mtu ametoka kulia ndani yake.

Siku zilizofuata walipima. Mpimaji mwenyewe ndiye aliyeteremsha kamba yenye kipimo ndani ya kisima cha mama mkwe wake, na kamba ikaenda, ikaenda, ikapita kina cha mabomba yote ya kiwandani. Alichukua maji ya juu, ya kati na ya chini kabisa, akapeleka chupa maabara kwenye kasha la barafu.

Mama mkwe alimnunia. Hakugomba wala hakutoa laana. Aliacha tu kumsemesha, akawa anazungumza na vyombo.

"Wewe sufuria," alisema jikoni, "mwambie mwenye kazi zake chakula kimeiva."

"Sufuria," mpimaji akajibu kutoka sebuleni, "mwambie mama nimeshukuru."

"Mwambie shukrani zake azipeleke kwa Taratibu."

Hata hivyo mpimaji aliona kwamba sahani yake ilikuwa inafunikwa akichelewa, na taa ya barazani iliachwa ikiwaka.

Majibu ya maabara yalipotoka alikaa nayo kwa muda kwenye kivuli cha ukuta. Sumu ilikuwemo kisimani, juu na chini. Na kisima ndicho kilichokuwa kikiishusha. Akarudi nyumbani mapema, akamkuta mama mkwe kwenye kigoda chake juu ya bati. Akaketi sakafuni karibu na miguu yake. Upepo ulikuwa ukivuta nguo kwenye kamba, zikijaa na kunywea.

"Sema," alisema mama mkwe, akilisahau sufuria. "Usinizunguke."

"Chini yetu kuna maji mara mbili, mama. Kuna ya juu, ndiyo yaliyoharibika. Halafu kuna udongo wa mfinyanzi, mzito, umetandazwa kama sinia. Chini ya sinia kuna maji mengine. Hayo ndiyo wanayoyavuta mtaa wa chini kwa pampu yao."

"Haya."

"Baba hakuishia kwenye ya juu."

"Aishie kwa nini?" Uso wa bibi ulichangamka ghafla, ukawa wa msichana. "Alisema ya juu yana ladha ya kutu, hawezi kumnywesha mkewe kutu. Akaendelea kushuka. Udongo ulikuwa mgumu, anapanda jioni hawezi hata kukunja vidole, nikamlisha kwa mkono wangu. Siku aliyoutoboa alipiga ukelele nikadhani ameumia. Kumbe anacheka. Anacheka mle ndani, na kicheko kinatoka juu kama cha watu kumi."

Akashusha macho kwenye bati. Mpimaji aliona maneno yakimfikia moja moja, jinsi maji yanavyopanda kwenye mpira.

"Kwa hiyo sinia lina tundu," alisema mama mkwe.

"Lina tundu."

"Na tundu ni lake."

"Alitafuta maji ya kunywa, mama. Waliomwaga sumu ni wengine, tena baadaye. Tundu lake lilikuwa jema."

"Najua lilikuwa jema. Nimelinywa." Akashika kingo za kigoda. "Na hao wa mtaa wa chini? Wana watoto kule."

"Kisima chao ni safi. Nimekipima mwenyewe. Bado ni safi."

"Bado," bibi akarudia, akiliangalia neno hilo kama kitu kilichomwangukia kiganjani. Nguo zikajaa upepo, zikanywea. Akainuka, akakibeba kigoda, akaingia ndani.

Asubuhi mama mkwe alimkuta mpimaji akifunga buti. "Waambie waje," alisema. "Lakini sitaki kufunikiwa kitu nisichokiona. Wayatoe maji yote kwanza. Nataka kuona chini."

Wakaja. Walileta tangi, wakayavuta maji yote ya zambarau wakayafungia humo yakasafishwe, na kisima kikabaki kinavuta pumzi ya baridi. Taratibu mwenyewe alishika tochi kubwa ya kazini.

"Ondoa hicho kitaa," mama mkwe alimwambia. "Kisima hakitazamwi hivyo."

Akaingia chumbani akatoka na kioo cha kabati, kizito, akakishika kwa mikono miwili akakigeuzageuza hadi kikalinasa jua. Doa la mwanga likatambaa sakafuni, likapanda ukingo wa kisima, kisha likatumbukia. Wote wakainama.

Mwanga ulishuka ukiyumba kama kitu chenye uhai. Ulipita pete za kahawia dawa ilipokuwa imesimama, ukapita udongo mwekundu, kisha udongo wa kijivu ulioteleza kama sabuni. Njia nzima kulikuwa na vishimo vya kukanyagia, kushoto na kulia, kushoto na kulia, vilivyochongwa na mtu aliyejua urefu wa mguu wake. Mama mkwe alivifuata kwa kioo kimoja baada ya kingine, midomo ikicheza, kana kwamba anamwona mtu akiteremka. Mpimaji, bega kwa bega naye, karibu amwone pia: mgongo, kisigino, kofia iliyojaa vumbi. Kisha mwanga ukafika chini, na kitu cheupe kikametameta.

"Kikombe changu!" mama mkwe akapaza sauti.

Kilikuwa kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, kimelala ubavu kwenye mchanga.

"Kikombe changu cha harusi! Kumbe alikidondosha yeye! Nikamwambia kimepotea, akakaa kimya kama jiwe, nikaenda kumshambulia jirani hapo mbele ya watu kwamba ameniibia. Naye mwanamume huyu amesimama nyuma yangu anatikisa kichwa kumsikitikia!"

Akaanza kucheka. Kioo kikatetemeka mikononi, mwanga ukaruka huku na huku mle kisimani kama ndege aliyenaswa. Kicheko chake kiliteremka kikagonga chini kikarudi kikubwa zaidi, na mafundi nao wakaambukizwa, na Taratibu akafuta macho. Bibi alicheka hadi kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na mpimaji akamwondolea kioo mikononi, akamkumbatia mpaka alipotulia.

"Tunaweza kukitoa, mama," Taratibu alisema kwa upole. "Ila kina sumu. Hakitafaa."

"Kiache. Aliona aibu kunirudishia, basi na akae nacho."

Waliteremsha bomba hadi chini, wakaanza kusukuma tope zito la saruji na udongo, kwanza chini kabisa, likipanda lenyewe. Hawakuona kitu, walisikia tu. Sauti ilianza nzito, kutoka mbali, kisha kadiri kisima kilivyojaa ikawa inakuwa nyembamba, inapanda, inapanda, kama chupa inayokingwa maji. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda na macho yamefumba. Tope la kijivu lilipofika juu na sauti ikakoma, alifumbua macho akauliza wangapi wanataka chai.

Alasiri ileile alivaa nguo zake za kutokea akaenda kwa jirani. Mpimaji alisikia sauti zao kupitia dirishani, kwanza za juu, kisha za chini, kisha vicheko. Bibi alirudi jua likiwa limelegea, amebebeshwa kabeji nzima.

Sindano hazikurudi kama mwanzo. Taratibu alizihamisha mbali na ule mkondo wa mchanga na kupunguza nguvu ya pampu, na mabomba mapya ya uchunguzi yakachimbwa kando ya ukuta. Wiki hadi wiki mpimaji aliyapima. Zambarau ilionekana kwenye moja, ikafifia, haikuonekana tena. Sumu ilishuka, ikapanda kidogo ikawatia wasiwasi, ikashuka tena. Kisima cha mtaa wa chini kilibaki safi. Aliwaambia hivyo kila alipokwenda, na kina mama waliosimama foleni na madumu yao walimjibu kwamba asante, lakini je, anaweza kusogeza ndoo yake, amewazibia njia.

Uani pale penye kisima palibaki duara la saruji, jeupe kuliko sakafu nyingine. Mama mkwe alilipita bila kulikanyaga kwa muda. Dereva alipokuja mapumziko alikaa naye barazani siku nzima akimtazama kwa pembe ya jicho, mpaka bibi akamwuliza kama amemwona na pembe kichwani.

Kisha mchana mmoja mlinzi wa lango la kiwanda alimwita mpimaji. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na kofia ngumu ya manjano iliyomshuka hadi kwenye nyusi, maana mlinzi alikataa kumruhusu bila hiyo.

"Kumechosha kule nyumbani," alisema. "Nionyeshe hiyo kazi yako."

Mpimaji alimwekea kiti kwenye kivuli, mbali kidogo na bomba, akateremsha mpira, akawasha pampu. Maji yakaanza kupanda kwenye mpira mwangavu, na mama mkwe akainama kuyatazama.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunasubiri yatulie."

"Yatatulia lini?"

"Yakitaka."

"Ndiyo hiyo kazi yote?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Bibi alitafakari hilo. Miale ilisimama sakafuni, njiwa walipita ndani yake wakiwaka na kuzimika. Alisema mambo mawili matatu kuhusu bei ya kabeji, kuhusu jirani, kuhusu mtoto wake asiyejua kunyoa ndevu vizuri. Sauti ikawa inarefuka, inapungua, na kofia ya manjano ikainama kifuani. Mpimaji alipogeuka, tarakimu zilikuwa zimesimama. Akapunguza pampu ili isimwamshe, akafungua chupa ya kwanza, akakinga.